Durban: Dereva mbaya hutoka kwingine

Mjini Durban, Afrika Kusini, kazi ya kulinda magari yaliyoegeshwa kando ya barabara imekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa wahamiaji, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Rwanda na Burundi. Katika kitongoji cha Glenwood, kilichoko kwenye kilima kinachoitazama bandari, walinzi wa aina hiyo hufanya kazi mbele ya migahawa na maduka ya barabara ya Helen Joseph, ambayo wakazi wa siku nyingi wangali wakiiita kwa jina lake la zamani, Davenport.

Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili, cha Kivu na cha Katanga. Ujira wao ni sarafu anazotoa dereva wakati wa kuondoka, kwa hiyo inawapasa kumfahamu mteja mapema. Na kitu cha kwanza kusomeka, kabla hata ya sura ya dereva, ni kibao cha namba.

Kwa miongo mingi kibao hicho kilisema mengi. Gari lenye herufi ND lilikuwa limesajiliwa Durban, lenye NP lilitoka Pietermaritzburg, na lenye NPN lilitoka Pinetown. Herufi ya kwanza ilikuwa kumbukumbu ya Natal, jina la jimbo kabla ya mwaka 1994. Gari lenye GP mwishoni lilikuwa la mgeni kutoka Gauteng, jimbo lenye miji ya Johannesburg na Pretoria. Lenye CA lilikuwa limesafiri kutoka Cape Town.

Mahali ambapo asili ya mtu imeandikwa kwenye bamba la chuma na kufungwa nyuma ya gari lake, maneno hayakosekani. Kila mji wa Afrika Kusini una maelezo yake kuhusu madereva wa mji mwingine, na maelezo hayo hutolewa kwa uhakika ambao watu hawana wanapozungumzia jambo jingine lolote, isipokuwa pengine mpira wa miguu.

Huo unaweza kuonekana kuwa ni utani tu. Hata hivyo, katika jimbo la KwaZulu-Natal, utani kuhusu dereva wa kwingine unakaa jirani na jambo ambalo halina kichekesho: magari kuchomwa moto, na watu kuuawa, kwa sababu ya mahali walikozaliwa walioshika usukani.

Kilio cha kila Desemba

Wakazi wa Durban wana neno lao kwa wageni wa bara: Vaalies. Ni wale waliotoka ng'ambo ya mto Vaal, yaani iliyokuwa Transvaal. Jimbo la Transvaal lilifutwa mwaka 1994, lakini neno halikufutwa pamoja nalo, na kila Desemba, shule zinapofungwa na familia za Gauteng zinapoteremka kuelekea ufukweni, linarudi midomoni mwa watu.

Mashtaka dhidi yao yanajulikana. Wanakwenda kasi, wanamfuata mtu kwa karibu mno, wanawasha taa kali kumwamuru aliye mbele awapishe. Herufi GP zenyewe, kwa Kiingereza, zimepewa tafsiri ya utani isemayo kuwa ni kifupi cha pepo ya majambazi.

Nao watu wa Gauteng wana mashtaka yao. Kwao, dereva wa Durban ni mtu asiye na haraka na asiyejua taa ya kuonyesha anakogeuka imewekwa kwa ajili gani. Anaendesha kana kwamba dunia nzima iko likizo. Ni mtazamo ule ule wa zamani wa bara kuwaona watu wa Natal kuwa ni wavulana wa ndizi, waliolelewa kwenye joto na upepo wa bahari.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Maneno hayo hayo husemwa Nairobi kuhusu dereva wa Mombasa, na Mombasa kuhusu dereva wa Nairobi. Bara ni haraka na ubabe, pwani ni raha na uzembe. Mtu anaweza kubadilisha majina ya miji na hadithi ikabaki kama ilivyo, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Iwapo kila mji wa bandari duniani unatuhumiwa kwa uvivu, na kila mji mkubwa wa biashara unatuhumiwa kwa ubabe, basi huenda kinachoelezwa ni uhusiano wa miji hiyo kuliko uendeshaji wa magari.

Wajerumani, ambao vibao vyao pia hutaja mji au wilaya, wana utani unaofanana. Gari la mji wa Offenbach huanza na herufi OF, na majirani zao wa Frankfurt husema kwamba maana yake ni bila leseni. Miji hiyo miwili inapakana, na madereva wake wanatii sheria moja. Wanachotofautiana ni kwamba mmoja una mabenki na mwingine ulikuwa na viwanda vya ngozi.

Nani anahesabiwa

Je, kuna ukweli wowote katika madai hayo? Upo, lakini mdogo na wa aina nyingine.

Mgeni huendesha vibaya mjini kwa watu. Haijui njia, anapunguza mwendo ghafla mbele ya njia panda, anaingia upande usio wake na kurudi. Dereva wa Gauteng anayeonekana Glenwood mwezi Desemba amekwishatembea karibu kilomita 600 kwa siku moja, pengine na watoto nyuma, katika barabara kuu ya N3 yenye malori mengi. Uchovu wake ni wa safari. Mwezi Machi, akiwa kwao, huenda ni mtu mtulivu kabisa.

Aidha, Gauteng ndilo jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo. Magari yake ni mengi kila mahali, na kwa hiyo makosa yake pia yataonekana mengi. Na jicho la mtazamaji lina tabia yake: likiona kosa la gari lenye ND huona mtu mmoja aliyekosea, likiona kosa lile lile kwa gari lenye GP huona jimbo zima.

Hata pale takwimu zinapokuwapo, hazisemi kile ambacho watu wanataka ziseme. Nchini Marekani kampuni ya bima ya Allstate ilianza mwaka 2005 kupanga miji kulingana na mara ambazo wateja wake hugongana. Mji wa Boston umekuwa mkiani au karibu na mkia mara kadhaa, jambo ambalo Wamarekani wa kwingine walilipokea kama uthibitisho wa walilolijua siku zote. Lakini jimbo la Massachusetts, ambalo Boston ni mji wake mkuu, ni miongoni mwa majimbo yenye vifo vichache zaidi vya barabarani kwa kila maili inayosafiriwa.

Sababu si ngumu kuielewa. Katika mji wa zamani wenye barabara nyembamba na msongamano, magari hukwaruzana kutwa, lakini kwa mwendo mdogo. Vifo hutokea mahali ambapo barabara ni pana, imenyooka, na mtu anaweza kukimbia. Aliyeulizwa ni mji gani una madereva wabaya, ilimpasa kwanza aulize: wabaya kwa bodi za magari, au kwa miili ya watu?

Nchini Afrika Kusini swali hilo ni zito. Kwa miaka mingi zaidi ya watu 10,000 wamekuwa wakifariki barabarani kila mwaka, na takribani asilimia 40 kati yao ni watembea kwa miguu. Hao hawana kibao cha namba. Wengi hufa usiku au alfajiri, wakivuka barabara kuu zilizopita katikati ya vitongoji vya watu weusi bila madaraja ya kuvukia na bila taa.

Nchini Kenya pia, ambako zaidi ya watu 4,000 hufariki kila mwaka, kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu, wakifuatiwa na waendesha pikipiki. Mabishano kuhusu madereva wa mji gani ni wabaya ni mabishano ya wenye magari baina yao. Mtu anayekufa zaidi hayumo ndani yake.

Chini ya herufi

Ukimsikiliza mkazi wa Durban kwa muda, utagundua kwamba herufi za usajili ni tabaka la juu tu la maelezo yake. Chini yake kuna ramani nyingine.

Dereva wa Chatsworth au Phoenix, vitongoji ambako Waafrika Kusini wenye asili ya Kihindi walihamishiwa kwa nguvu chini ya sheria ya maeneo ya makundi ya mwaka 1950, husemwa kuwa anapenda muziki mkubwa na gari lililoshushwa chini. Mzee wa Kizungu wa Berea husemwa kuwa anaendesha kama aliyeinunua barabara. Na juu ya wote husemwa dereva wa teksi, yaani basi dogo la abiria, ambaye kwa kawaida ni Mzulu, na ambaye katika mazungumzo ya chakula cha jioni huko Glenwood hubeba dhambi za barabara nzima.

Wote hao wana namba za Durban. Kwa hiyo mji unaomlaumu mgeni wa Gauteng kwa kauli moja, ukiachwa peke yake hugawanyika mara moja katika mitaa, na mitaa hiyo iligawanywa na serikali ya ubaguzi wa rangi kwa kalamu na rula.

Kwa upande wa teksi, ni vyema kusema wazi kwamba malalamiko mengi ni ya kweli. Teksi hupita taa nyekundu, hutumia bega la barabara, husimama popote abiria alipo. Ni yale ambayo mkazi wa Dar es Salaam anayajua kwa jina la kutanua, na ambayo mkazi wa Nairobi ameyazoea kwa matatu tangu utotoni.

Lakini tabia hiyo ina chanzo kinachoweza kutajwa. Utawala wa ubaguzi wa rangi uliwapeleka watu weusi kuishi Umlazi, KwaMashu na Inanda, mbali na kazi zao, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ukafungua biashara ya usafiri wa abiria kwa karibu kila aliyeweza kununua gari, bila kujenga utaratibu wa kuisimamia. Njia zikawa za kugombaniwa, wakati mwingine kwa risasi. Dereva akawa mtu wa kati: mwenye gari anataka fedha yake jioni, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani.

Waswahili wana neno kwa fedha hiyo, nalo ni hesabu. Dereva wa daladala anayedaiwa hesabu, na dereva wa matatu, na dereva wa teksi wa Durban, hawakukutana kamwe wala hawana kabila moja, lakini wanaendesha kwa namna moja. Kila dakika katika foleni inatoka mfukoni mwao. Mpe dereva huyo mshahara wa mwezi na ratiba, na baada ya muda hutamtambua.

Kenya ilijaribu kushughulikia upande mmoja wa jambo hilo. Kanuni zilizoanza kutumika Februari mwaka 2004, zikihusishwa na jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hayati John Michuki, zilidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na sare kwa wafanyakazi wa matatu. Kwa miezi kadhaa barabara zilibadilika, na madereva walikuwa wale wale. Usimamizi ulipolegea, tabia zilirudi, na hadithi kuhusu aina ya watu wanaoendesha matatu ikarudi pamoja nazo.

Kutoka utani hadi moto

Tarehe 5 Septemba mwaka 2013, lori kubwa lilishindwa kusimama likiteremka mlima wa Field's Hill, Pinetown, magharibi ya Durban, na kuyafagia magari yaliyokuwa yakivuka njia panda iliyo chini, zikiwemo teksi zilizojaa abiria. Watu 24 walifariki.

Dereva alikuwa kijana wa miaka 23 kutoka Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini. Alishtakiwa, akapatikana na hatia, akafungwa. Uraia wake ulitajwa katika kila taarifa, na kwa watu wengi habari ikaishia hapo: mgeni aliua.

Lakini kulikuwa na mambo mengine. Malori yalikuwa na desturi ya kupita Field's Hill ili kukwepa kituo cha kulipia ushuru kwenye barabara kuu ya N3. Wakazi walikwishalalamikia jambo hilo. Hali ya lori na breki zake ikawa sehemu ya kesi, na swali la wajibu wa mwenye lori likaulizwa. Baada ya ajali hiyo malori makubwa yalipigwa marufuku kuteremka mlima huo. Hatua hiyo ilihusu mlima na mzigo. Pasipoti ya dereva haikuwa na nafasi ndani yake, na kwa sababu hiyo ilikuwa na maana.

Miaka mitano baadaye hoja ya uraia ilirudi kwa sura ya kutisha zaidi. Tangu mwaka 2018 makundi yanayodai kuwatetea madereva wa Afrika Kusini yamekuwa yakitaka kampuni za usafirishaji ziache kuajiri wageni. Wanaolengwa ni watu wa Zimbabwe, Malawi, Zambia na nchi nyingine za kusini na kati ya Afrika. Hoja kuu imekuwa ajira, na hoja hiyo, katika nchi yenye ukosefu mkubwa wa kazi, inastahili kusikilizwa. Lakini pembeni yake daima huwekwa ile nyingine, nyepesi kumeza: kwamba wageni hawajui kuendesha, leseni zao ni za kununua, ndio wanaoua watu wetu barabarani.

Mwezi Aprili mwaka 2018 malori yalichomwa moto karibu na kituo cha ushuru cha Mooi River, kwenye N3 kati ya Durban na Johannesburg. Agosti mwaka 2019 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, likinukuu utafiti wa chama cha wasafirishaji wa mizigo, lilisema zaidi ya watu 200, wengi wao madereva wa kigeni, walikuwa wameuawa tangu Machi mwaka 2018. Mwezi Julai mwaka 2021, katika ghasia zilizofuata kufungwa kwa rais wa zamani Jacob Zuma, Mooi River iliwaka tena. Julai mwaka 2023 malori mengine yalichomwa kwenye mteremko wa Van Reenen, barabara ile ile.

Makundi hayo yamekanusha mara kwa mara kuhusika na mashambulizi. Lakini aliyechoma lori alihitaji kwanza kujua nani wa kumteremsha, na lori haliandikwi utaifa wa dereva. Alama ikatafutwa kwingine: katika hati, katika jina, katika namna mtu anavyotamka Kizulu.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi kwa karibu. Durban ni mojawapo ya milango ya shaba ya Katanga. Malori yanayobeba madini hayo huvuka Kasumbalesa, hupita Zambia na nchi zinazofuata, na safari huishia kwenye bandari ambayo taa zake huonekana kutoka Glenwood. Mteja wa shaba hiyo huenda yuko Asia. Anayelala ndani ya lori kando ya N3 ni Mwafrika, na usiku wa ghasia ni yeye anayeulizwa anatoka wapi.

Malori yametoka wapi

Kuna swali ambalo kelele kuhusu madereva hulifunika, nalo ni kwa nini malori yamekuwa mengi kiasi hicho.

Sehemu kubwa ya jibu ni reli. Shirika la umma la Transnet lilisafirisha mizigo ya karibu tani milioni 226 kwa reli katika mwaka wa fedha wa 2017/18. Miaka mitano baadaye kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi takribani tani milioni 150. Vichwa vya treni havikuwa na vipuri, nyaya za shaba ziliibwa, mikataba iligubikwa na kashfa. Mafuriko ya Aprili mwaka 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal, yaliharibu pia reli inayotoka Durban kwenda bara.

Mzigo ulioshindwa kupanda treni ulipanda lori. Makaa ya mawe yaliyokuwa yakienda Richards Bay kwa reli yalianza kuonekana kwa wingi kwenye barabara ya N2, ambayo haikujengwa kwa kazi hiyo. Tarehe 16 Septemba mwaka 2022, karibu na Pongola, lori lililokuwa likiyapita magari mengine kwa upande usio wake liligongana na gari dogo la mizigo lililobeba wanafunzi. Watu wapatao 20 walifariki, wengi wao watoto.

Dereva wa lori hilo alikuwa na kosa lake, na hakuna haja ya kulipunguza. Lakini uamuzi wa kuiacha reli ife haukufanywa na dereva yeyote, mwenyeji wala mgeni. Wala si dereva aliyeamua kwamba watoto wa Pongola waende shule nyuma ya gari la mizigo.

Serikali kufuta herufi

Desemba mwaka 2023 KwaZulu-Natal ilianza kutoa namba za mtindo mpya, zinazoishia na herufi ZN na zisizotaja mji. ND, NP na nyinginezo zikaanza safari ya kutoweka. Sababu iliyotolewa ilihusu usalama na udhibiti wa namba bandia, na wakazi wengi waliguna zaidi kuhusu gharama.

Mabadiliko hayo yanaiweka Durban karibu na utaratibu wa Kenya, ambako herufi za kibao huonyesha tu gari lilisajiliwa lini, na wa Tanzania Bara, ambako kila gari huanza na T, liwe la Mbeya au la Tanga. Tofauti inayobaki kwenye barabara za Tanzania ni ile ya Zanzibar, yenye herufi Z, na imekuwa na malalamiko yake ya ushuru kwa miaka mingi.

Kuna nchi zilizofuta alama hizo kwa makusudi makubwa zaidi. Bosnia na Herzegovina, baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1995, ilikuwa nchi ambayo gari la upande mmoja halikuthubutu kuingia upande mwingine, kwa kuwa kibao kilimtangaza dereva. Mwaka 1998 mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa aliamuru namba mpya zisizotaja eneo, kwa kutumia herufi zile tu zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kisirili. Watu walianza kusafiri. Ni nadra kwa bamba la chuma kufanya kazi kubwa namna hiyo.

Wafaransa, kwa upande wao, walikataa. Serikali ilipotaka kuondoa tarakimu za wilaya mwaka 2009, wananchi walipinga, na ikakubaliwa kila mwenye gari achague wilaya anayoipenda iandikwe pembeni, hata kama haishi huko. Tangu hapo Mparisi anayechoshwa na kupigiwa honi kijijini anaweza kujiandika kuwa ni mtu wa kijiji hicho.

Iwapo Durban itakuwa Bosnia au Ufaransa ni suala la kusubiri, lakini uzoefu wa Kenya hauleti matumaini makubwa. Herufi zilipokosa kumtaja mtu, Wakenya walihamia kwenye aina ya gari. Mwenye Subaru akawa mhuni, mwenye Probox akawa mtu asiyeogopa kifo. Fikra ya namna hii haihitaji kibao, hutafuta tu pa kushikia.

Katika Durban pa kushikia ni pengi: rangi, mtaa, lafudhi. Mlinzi wa magari wa Glenwood anayetoka Bukavu au Goma analijua hilo kwa upande wake. Yeye huwasoma madereva kwa namba zao, nao humsoma kwa Kizulu chake na kwa Kifaransa anachozungumza na mwenzake. Katika ghasia dhidi ya wageni za Aprili mwaka 2015, zilizoanzia kwenye vitongoji vya Durban, maelfu ya wahamiaji walilazimika kukimbilia kwenye mahema, na huko hakuna aliyeulizwa kama alikuwa mlinzi mwema wa magari.

Ipo njia nyingine ya kumhukumu dereva, nayo ni ya mtu mmoja mmoja. Bunge la Afrika Kusini lilipitisha mwaka 1998 sheria inayojulikana kama AARTO, ambayo ingemwandikia kila dereva alama kwa kila kosa, na alama zikizidi, leseni isimamishwe. Chini ya mfumo huo haijalishi mtu ni wa Soweto, Umlazi, Harare au Glenwood.

Mfumo huo ulianza kwa majaribio Johannesburg na Pretoria mwaka 2008. Ukapingwa mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa ni halali. Kuanza kwake nchi nzima kumetangazwa na kuahirishwa mara nyingi kiasi kwamba watoto waliozaliwa mwaka ilipopitishwa sheria hiyo sasa wana leseni zao wenyewe, na wengine wao wanaendesha teksi na malori kwenye N3.